Sahani Hairudi Tupu

Kikaango baridi kwanza. Hilo nalirudia kila Jumapili
kama mtu ahesabuye chenji.
Jiko halijawashwa,
na vipande sita vya bekoni vimelala ubavu kwa ubavu
kama abiria wa daraja la tatu.

Ni maneno ya baba. Alipika kwenye garimoshi la usiku,
mayai ya watu wengine yakimtetemekea mkononi
toka Mombasa hadi Nairobi, na kurudi.
Akishuka asubuhi, huja Makupa na kifurushi cha gazeti:
ncha za bekoni, zile zisizokatika sawa,
zisizofaa kuwekwa mbele ya mgeni,
mafuta yamekwisha kupenya hadi habari za michezo.
"Usitie mafuta," husema. "Huyu hujikaanga mwenyewe.
Kazi yako ni kungoja."

Mimi si mpishi. Natengeneza mita za maji.
Najua kupika vitu viwili,
na cha tatu kikiniharibikia nakila vivyo hivyo.
Kabichi nalikata jembamba, nalitupa kwenye yale mafuta,
linapiga kelele, linanywea,
linakuwa tamu bila kuombwa.
Maharagwe ya jana nayo hupata uhai mpya,
ila chumvi usiiguse, chumvi imo tayari.
Mara moja nilisahau. Nilikunywa maji hadi Jumanne.

Lakini huku Mikindani nyumba hupumuliana.
Dirisha langu na la Bi Mwanatumu
yametenganishwa na kamba moja ya nguo.
Nilipohamia nilipika kama mwizi:
alfajiri, dirisha nimefunga,
tambara nimelisokomeza chini ya mlango,
machozi yananitoka, sijui ni moshi au haya.
Siku ya tatu akaniita kutoka kwake:
"We Mwandoe, utatufia humo! Fungua dirisha.
Mimi sili, na hutanilisha.
Pua ni yangu, najua kuifunga."

Nikafungua. Tangu hapo ni miaka kumi na mmoja.

Ijumaa huja sahani yake, ya maua ya buluu,
mbaazi za nazi, mahamri mawili juu
yamefunikwa kitambaa.
Na sahani hairudi tupu, nani asiyejua.
Ila jiko langu litie nini ndani yake?
Mwiko wangu umeshaonja mengi.
Naiosha bombani uani, si kwenye karai langu,
kwa sponji yake, inayokaa kwenye kopo lake,
kisha narudisha ndizi na maganda yake,
au machungwa, au mayai mabichi,
vitu alivyovifunga Mungu mwenyewe
kabla mkono wangu haujafika.
Hatujawahi kulizungumza hili.
Yeye hupokea, huhesabu mayai, huniombea dua.

Leo nimewasha moto mdogo kama nilivyofunzwa.
Mafuta yakaanza kutoka, taratibu, kwa sauti ya mvua ya mbali,
nami nikasimama nikimuwaza baba,
kidole chake chenye kovu la oveni,
namna alivyolala na kofia ya kazi usoni.
Sijui nilikwenda wapi.

"Mwandoe! Geuza! Imepita hiyo!"

Bi Mwanatumu, ambaye hajaweka hata unyuzi mdomoni,
ambaye akifika mbele ya bucha yangu huvuka barabara,
anaijua dakika yake kwa pua
kuliko mimi ninayeila.
Nikageuza. Kweli, kingo zilikuwa nyeusi.

"Umeunguza?"
"Kidogo tu, Bi."
"Hata baba yako angekucheka."
Na dirisha lake likafungwa nusu, si lote.

Nikakata kabichi. Nikala nimesimama,
kikaango mkononi.
Kwenye kamba shati langu la kazi limekwisha kushika harufu,
na kanga zake, kwa bahati, alizianua mapema.